Namna ya kutengeneza na kupima kichocheo cha nikeli na chuma cha kuchanganua maji kwa umeme: mwongozo kwa watafiti walio Dodoma

Kinadharia, maji hugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni kwa umeme wa volti 1.23 tu katika nyuzijoto 25, lakini mitambo inayofanya kazi hiyo viwandani huhitaji karibu volti 1.8 hadi 2.0 ili gesi itoke kwa kasi yenye manufaa. Mtafiti wa vichocheo anashughulikia tofauti hiyo. Kila volti 0.1 anayoipunguza huokoa karibu kilowati-saa 2.7 kwa kila kilo moja ya haidrojeni, na huo si uokoaji mdogo ukizingatia kwamba mitambo mingi hutumia kilowati-saa 50 hadi 55 kutoa kilo hiyo moja. Sehemu kubwa ya hasara hutokea kwenye anodi, mahali oksijeni inapoundwa, kwa kuwa molekuli moja ya oksijeni haipatikani mpaka elektroni nne ziondoke na vifungo kadhaa vya kemikali vivunjwe na kuundwa upya juu ya uso wa kichocheo.

Katika mitambo inayotumia asidi, kazi hiyo hufanywa na iridiamu, metali ambayo dunia nzima huzalisha tani chache tu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini. Katika mitambo ya alkali inawezekana kutumia nikeli iliyochanganywa na chuma, metali mbili ambazo Watanzania wanazifahamu kwa majina ya Kabanga na Liganga, maeneo yenye madini hayo, ingawa zile zinazofika maabara zetu bado huagizwa kutoka nje zikiwa chumvi ndani ya chupa ndogo. Huo ndio mchanganyiko unaoshughulikiwa hapa. Kuutengeneza ni kazi ya asubuhi moja. Kinachochukua wiki ni kuthibitisha kwamba namba uliyoipata imetokana na kichocheo chako, haikutokana na uchafu, waya au hesabu, na kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye usafi na upimaji kuliko kwenye utengenezaji.

Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha taasisi yako inatimiza masharti ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayosimamia Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Shughulikia jambo hilo mapema, maana mzigo wa kemikali usio na kibali hukaa bandarini muda mrefu kuliko utafiti wenyewe unavyoweza kuvumilia.

Maji, alkali na vumbi

Nikeli safi peke yake ni kichocheo dhaifu cha kutoa oksijeni. Inapopata chuma, hata kidogo mno, hubadilika tabia. Mwaka 1987 Dennis Corrigan alionyesha kwamba chembe za chuma zilizomo katika alkali ya kawaida zinatosha kubadilisha kabisa utendaji wa elektrodi ya nikeli, na tafiti zilizofuata zimethibitisha kwamba kazi nyingi za zamani zilizosifu nikeli zilikuwa, bila wenyewe kujua, zinapima nikeli yenye chuma. Mtafiti wa Dodoma ana sababu ya ziada ya kulikumbuka jambo hili: vumbi jekundu linaloingia madirishani miezi ya kiangazi wekundu wake unatokana na oksaidi za chuma. Bika iliyoachwa wazi usiku kucha karibu na dirisha haifai tena kwa jaribio la kulinganisha. Funika kila chombo, funga madirisha unapoandaa mimumunyo, na futa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kuifagia.

Maji ya bomba ya jiji, ambayo kwa miaka mingi yametegemea visima vya bonde la Makutupora, hayafai kwa kazi hii hata yakichemshwa. Maji ya ardhini ya kanda ya kati yana chumvi nyingi zilizoyeyuka. Kalsiamu na magnesiamu hufanya mashapo ndani ya alkali, na kloridi hushambulia elektrodi za metali. Tumia maji yaliyokenekwa, tena yakenekwe mara mbili ikiwezekana, na uyapime kwa kipimo cha upitishaji umeme kila siku ya kazi: yakizidi maikrosimensi 5 kwa sentimita, yamwage. Kama maabara haina kipimo hicho, matone machache ya silva naitreti yatakuonyesha kloridi kwa kuyafanya maji yawe na ukungu mweupe. Maji ya betri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri yanaweza kuokoa siku, lakini yapime kwanza, kwa kuwa katika maduka mengi jina hilohilo hutumika pia kwa asidi ya betri.

Mmumunyo wa kupimia ni potasiamu haidroksaidi yenye ukolezi wa moli 1 kwa lita. Uzito wa moli moja ni gramu 56.1, lakini punje zinazouzwa kwa kawaida huwa na usafi wa asilimia 85 hivi, sehemu inayobaki ikiwa zaidi ni maji, kwa hiyo utahitaji karibu gramu 66 kwa lita moja. Soma lebo ya chupa yako na ukokotoe mwenyewe. Weka maji kwanza katika chombo cha plastiki, kisha ongeza punje kidogo kidogo huku ukikoroga, maana mmumunyo hupata moto mkali. Usiutunze katika chupa ya kioo, kwa sababu alkali hula kioo na kutoa uchafu uliomo, na usiuache wazi, kwa sababu hunyonya kabonidayoksaidi kutoka hewani. Vaa glovu na miwani ya kinga muda wote: tone moja la alkali hii ndani ya jicho ni hatari kuliko tone la asidi nyingi za maabara.

Utahitaji pia kiasi kidogo cha alkali iliyoondolewa chuma, na hatua hii wengi huiruka ingawa haina ugumu. Chukua gramu 2 za nikeli naitreti ya usafi wa juu kabisa, iyeyushe katika mililita 4 za maji ndani ya mrija wa plastiki wa mashinepewa (mashine inayozungusha mirija kwa kasi ili mashapo yatengane na kimiminika), uliosuuzwa kwanza kwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kisha ongeza mililita 20 za alkali yako. Mashapo ya kijani ya nikeli haidroksaidi yatatokea. Yatenganishe, yaoshe mara tatu kwa maji yenye alkali kidogo, halafu mimina juu yake mililita 50 za alkali unayotaka kuisafisha. Tikisa kwa dakika 10 au zaidi, iache itulie kwa saa 3, zungusha tena katika mashinepewa na uimimine kwa uangalifu alkali iliyo juu. Nikeli haidroksaidi huwa imekwisha kuvuta chuma chote chenye madhara. Usijaribu kubana matumizi kwa kutumia nikeli ya bei nafuu katika hatua hii, kwa kuwa mara nyingi hubeba chuma chake yenyewe.

Kuandaa elektrodi

Msingi wa elektrodi unaweza kuwa sponji ya nikeli, yaani metali yenye vinyweleo vingi, au wavu wa chuma cha pua ikiwa bajeti ni ndogo. Kumbuka tu kwamba chuma cha pua kina nikeli na chuma tayari, hivyo chenyewe ni kichocheo, na hutaweza kusema lolote kuhusu tabaka ulilolipaka mpaka uwe umepima wavu mtupu. Kata kipande cha upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 3. Kisafishe kwa asetoni, kiloweke katika asidi ya haidrokloriki ya moli 3 kwa lita kwa dakika 10 hadi 15 ili kuondoa oksaidi iliyo juu, kisha kisuuze kwa maji mengi na ethanoli. Asidi hiyo hupatikana kwa kumimina mililita 25 za asidi kali ya asilimia 37 ndani ya mililita 75 za maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Tabaka la kichocheo huwekwa kwa umeme. Katika mililita 100 za maji yeyusha gramu 0.087 za nikeli naitreti yenye molekuli sita za maji na gramu 0.121 za chuma naitreti yenye molekuli tisa za maji, ili kila metali iwe na ukolezi wa milimoli 3 kwa lita. Kwa kuwa mizani nyingi haziaminiki kwenye uzito mdogo hivyo, ni afadhali kupima mara kumi ya viwango hivyo, kuyeyusha katika mililita 100, kisha kuchukua mililita 10 na kuzimua hadi 100. Mmumunyo wa chuma naitreti utumie siku hiyohiyo. Ukikaa hubadilika rangi na kuanza kujenga mashapo.

Tumbukiza kipande chako kikiwa kathodi, yaani upande hasi, pamoja na elektrodi saidizi ya grafiti na elektrodi ya rejea ya silva na silva kloridi, na ushikilie volti hasi 1.0 dhidi ya rejea hiyo kwa sekunde 300. Kinachotokea ni kwamba naitreti hupokea elektroni na kuacha ioni za haidroksaidi pembeni mwa uso wa metali, pH ya mahali hapo hupanda, na haidroksaidi za nikeli na chuma hushuka pamoja na kung'ang'ania metali. Ukiona tabaka linabanduka unaposuuza, punguza muda badala ya kuongeza ukolezi. Suuza kwa maji, kausha hewani chini ya kifuniko. Kisha rudia kazi yote kwa uwiano tofauti wa metali, kuanzia nikeli tupu, kwa kuwa uwiano ulio kwenye mmumunyo hauwi lazima uwiano ulio kwenye tabaka, na ni mfululizo tu unaoweza kukuonyesha chuma kinasaidia kufikia kiasi gani.

Jambo la mwisho kabla ya kupima ni eneo. Sponji hufyonza mmumunyo kwenda juu ya mstari wa maji, na kipande unachodai kina sentimita 1 ya mraba kinaweza kuwa kinafanya kazi kwa sentimita moja na nusu. Ziba sehemu ya juu kwa gundi ya epoksi au utepe mweupe wa mafundi bomba, ukiacha eneo uliloliainisha tu.

Kupima

Elektrodi ya silva na silva kloridi uliyoitumia kupaka tabaka usiiingize katika alkali. Kloridi yake huvuja na yenyewe huharibika, na volti inahama polepole bila onyo. Katika alkali tumia elektrodi ya zebaki na oksaidi ya zebaki. Ili matokeo yalinganishwe na ya wengine, volti hubadilishwa kwenda kwenye kipimo cha elektrodi ya haidrojeni inayofuata pH: chukua volti uliyosoma, ongeza 0.098, kisha ongeza 0.059 mara pH. Kwa alkali ya moli 1 jumla ya nyongeza ni karibu volti 0.92. Usiridhike na hesabu hiyo peke yake. Angalau mara moja kwa mwezi hakiki rejea yako kwa kuweka waya safi wa platinamu katika alkali hiyohiyo inayopitishiwa mapovu ya haidrojeni, na usome volti pale mkondo unapokuwa sifuri. Rejea iliyochoka inaweza kukupa milivolti 30 za bure, na milivolti 30 katika uwanja huu zinatosha kumfanya mtu atangaze ugunduzi.

Anza kwa kuzungusha volti mbele na nyuma kwa kasi ya milivolti 50 kwa sekunde, kati ya mizunguko 20 na 50, mpaka michoro ilaliane. Kati ya volti 1.35 na 1.45 kwa kipimo hicho cha haidrojeni utaona mwinuko wa nikeli inapobadilika kutoka hali ya pili kwenda ya tatu ya uoksidishaji. Mwinuko huo si oksijeni. Chuma kikiingia kwenye tabaka husukuma mwinuko kwenda kwenye volti ya juu zaidi, na hiyo ni dalili nzuri; lakini kwenye sponji yenye kichocheo kingi mwinuko huweza kuvuka miliampea 10 kwa sentimita ya mraba kabla povu moja halijatoka. Kwa hiyo pima ukienda kutoka volti ya juu kwenda ya chini, kwa kasi ya milivolti 1 hadi 5 kwa sekunde, au, vizuri zaidi, shikilia kila volti kwa dakika 5 na usome mkondo uliotulia. Njia hii ya pili huchosha, ila ndiyo inayofaa kwa kuchora mwinamo wa Tafel, unaoonyesha ni volti ngapi zaidi zinazohitajika ili mkondo uongezeke mara kumi.

Ukinzani wa mmumunyo nao hula volti. Ukinzani wa omu 1 tu kwa mkondo wa miliampea 100 hupoteza milivolti 100, kiasi kinachoweza kukifanya kichocheo kizuri kionekane hafifu. Pima ukinzani huo kwa njia ya mkondo geu wa masafa ya juu na uuondoe kwenye hesabu, ukitaja wazi umeondoa asilimia ngapi. Anayeondoa kupita kiasi hupata mchoro unaosimama wima au hata kurudi nyuma, na mchoro wa namna hiyo haupaswi kutoka nje ya daftari.

Kiwango kinachotajwa kwa kawaida ni volti ya ziada, juu ya 1.23, inayohitajika kufikia miliampea 10 kwa sentimita ya mraba. Namba hiyo ilichaguliwa kwa kuwa inakaribia mkondo wa kifaa kinachogeuza mwanga wa jua kuwa haidrojeni kwa ufanisi wa asilimia 10 hivi. Kwa nikeli na chuma juu ya sponji tarajia milivolti 200 hadi 300. Ukipata 150, usisherehekee kabla ya kurudi kwenye mwinuko wa nikeli, rejea na ukinzani, kwa mpangilio huo. Kisha pima elektrodi ya nikeli tupu ndani ya alkali iliyosafishwa, na nyingine kama hiyo ndani ya alkali ya kawaida. Tofauti kati ya hizo mbili ni mchango wa chuma usichokiweka wewe, na bila kuiandika, jedwali lako lote linaning'inia hewani.

Gesi na mgandamizo wa hewa wa Dodoma

Mkondo pekee hauthibitishi kwamba oksijeni imetoka. Huenda kaboni au metali ndiyo inayoungua. Kwa sababu hiyo kusanya gesi ya anodi kwenye bureti iliyopinduliwa majini, ukiwa umetenganisha pande mbili za seli ili haidrojeni isiingie. Miliampea 100 kwa saa moja ni kulombi 360, nazo zinapaswa kutoa milimoli 0.93 za oksijeni.

Hapa ndipo vitabu vya mwambao vinapompotosha mtu wa Dodoma. Vingi hutumia lita 24.5 kwa moli, kiasi ambacho ni sahihi kwenye usawa wa bahari katika nyuzijoto 25, na kwa hesabu hiyo utatarajia mililita 22.9. Lakini jiji liko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huwa karibu kilopaskali 89 badala ya 101. Isitoshe, gesi iliyokusanywa juu ya maji ina mvuke wenye mgandamizo wa kilopaskali 3.2 katika joto hilo. Ukiondoa mvuke, oksijeni inabaki na kilopaskali 85.8, na ujazo sahihi unakuwa mililita 27. Anayetumia namba ya kitabu atapata ufanisi wa asilimia 118, atashangaa, kisha pengine atazilaumu bureti zake. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya mtu ambaye kichocheo chake kina ufanisi wa asilimia 85 tu, akapata 100 kamili na kufurahi.

Soma mgandamizo kwa baromita iliyo ndani ya maabara. Ukiutafuta kwenye taarifa za hali ya hewa au za uwanja wa ndege, hakikisha ni mgandamizo wa kituo chenyewe, kwa sababu takwimu zinazotangazwa kwa umma kwa kawaida zimerekebishwa kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, na zitakuonyesha kilopaskali 101 hata ukiwa juu ya vilima vya Chimwaga. Kwa upande wa volti, mwinuko wa Dodoma hauna madhara ya kuhangaikia: hubadilisha volti ya oksijeni kwa milivolti 1 hivi na ya haidrojeni kwa milivolti 2. Joto la chumba lina uzito zaidi, maana mchana wa Novemba na asubuhi ya Julai vinaweza kupishana nyuzi nyingi. Tumia beseni la maji yenye joto lililodhibitiwa, au andika joto kila unaposoma.

Kupima uimara umeme unapokatika

Shikilia mkondo wa miliampea 10 kwa saa 24 au zaidi na uangalie volti inavyopanda. Iweke potenshiostati, yaani kifaa kinachodhibiti volti na mkondo wa seli, kwenye betri ya akiba, lakini usidhani betri itamaliza tatizo, kwa kuwa zilizo nyingi hubeba kifaa kwa saa chache tu. Mkondo unapokatika nikeli hurudi kwenye hali yake ya chini ya uoksidishaji, na sehemu ya chuma huweza kuachia na kuingia kwenye mmumunyo. Usiiondoe sehemu hiyo kwenye mchoro. Andika saa umeme ulipokatika na saa uliporudi, rudia mizunguko michache ya volti, endelea, na utoe taarifa ya volti kabla na baada. Kwa maoni yangu jaribio lenye kukatikakatika lina thamani kuliko lile lisilokatizwa, hasa kwa mtu anayekusudia kuunganisha mtambo wake na paneli za jua, kwa kuwa jua la Dodoma nalo huzama kila jioni. Wenye subira wanaweza kuukatiza mkondo kwa makusudi, saa 12 kwa saa 12, kwa wiki nzima.

Chumba kiwe na hewa inayopita, na pasiwe na moto wala cheche karibu na upande wa haidrojeni. Mabaki yenye nikeli yasimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa misombo ya nikeli husababisha saratani. Yakusanye kwenye chupa ya plastiki yenye lebo, yafanye mashapo kwa alkali, na uyakabidhi kwa anayeshughulikia taka za kemikali katika taasisi yako. Chupa hiyo ikae mbali na asidi, na tarehe ya kuifungua iandikwe juu yake siku ileile unapoianza.